Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya dawa Lubumbashi: pimeni chupa hizo

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Juma lililopita mama yangu alinyweshwa dawa ya miti iliyotangazwa redioni kuwa inaponya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Usiku alitapika hadi akaishiwa nguvu, moyo ukawa unapiga polepole, akaanguka mlangoni. Chupa haina jina la mti, kipimo, wala mtengenezaji. Imenunuliwa mchana kweupe, soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi.

Mbele yetu watu wa Katuba uliahidi kwamba dawa ya namna hiyo haitauzwa kabla ya kupimwa. Tulikupigia makofi, Mheshimiwa.

Sisemi miti haina dawa. Galantamini, ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa Alzheimer, ilitoka kwenye maua madogo meupe ya Ulaya. Wabulgaria waliitafiti tangu miaka ya 1950. Marekani iliikubali kwa ugonjwa huu mwaka 2001. Rivastigimini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, nayo iliundwa kwa kufuata sumu ya maharage ya Calabar, ya hapa hapa Afrika. Zote mbili huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Hupunguza dalili kwa muda, haziponyi. Na kipimo kikizidi, nguvu hiyo hiyo humtapisha mtu na kupunguza mapigo ya moyo wake. Ndiyo maana nadhani mle chupani mlikuwa na mti wa aina hiyo. Nadhani tu, kwa sababu hakuna aliyepima! Ginkgo, dawa ya majani ya mti iliyosifiwa dunia nzima, ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, na mwaka 2008 ikatangazwa wazi kwamba haizuii ugonjwa huu.

Mama aliyenisomesha kwa kuuza mihogo sasa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Anaomba bukari, yaani ugali, ilhali ndiyo kwanza amenawa mikono baada ya kula. Usiku anafungua mlango anataka kwenda kwa marehemu dada yake, kwa hiyo silali. Kazi nimeacha. Majirani wananong'ona kuwa ni mchawi. Dawa ya hospitali, siku nikiipata, inamaliza pesa ya chakula. Mdogo wangu aliposikia redio inaahidi uponyaji alikimbilia chupa, na simlaumu.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha famasia. Wape chupa hizo, wape na fedha ya kuzipima. Waiteni waganga wanaoijua miti kweli, wapo. Redio zinyamaze kwanza. Najua utaniambia bajeti ni ndogo, basi nabaki na ombi moja: chupa zipimwe. Kabla ya redio, kabla ya soko, zipimwe.

Chupa yangu ina nusu bado. Jumatatu asubuhi nitaileta ofisini kwako, pamoja na mama, maana sina wa kumwachia. Tafadhali awepo mtu wa kuipokea.

Binti wa mgonjwa,
Katuba, Lubumbashi