Walioondoka Kilindini Februari 1944 wawekewe kibao

Kwa Mhariri,

Kila Novemba wanapokumbukwa waliokufa vitani, husikia Burma ikitajwa, na Abyssinia. Meli ya Khedive Ismail sijaisikia hata mara moja, ilhali iling'oa nanga hapa hapa Kilindini mapema Februari 1944, ikifuatana na meli nyingine nne za kusafirisha wanajeshi kuelekea Colombo.

Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa Asia kupigana na Wajapani. Wengine ni wauguzi, wanamaji, na mabaharia wa meli yenyewe ambao hawakubeba hata bunduki.

Jumamosi tarehe 12, mchana, walikuwa karibu na visiwa vya Maldives. Wengi walikuwa wamekusanyika ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga meli kwa topido mbili. Dakika mbili hazikutimia, meli ikawa imezama. Aliye chini kabisa atapandaje ngazi iliyojaa watu kwa muda huo, sembuse kuvaa jaketi la kuokolea maisha? Walikufa watu 1,297. Kati ya wanawake 83, waliopona ni 6.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari ya Uingereza, Petard, ikaja mbio na kutupa mabomu ya majini pale pale walipokuwa wakihangaika, kwa kuwa nyambizi ile ikiachwa ingezifuata meli nne zilizobaki. Hatimaye I-27 iliibuka ikazamishwa. Sina ujasiri wa kumhukumu aliyetoa amri ile. Lakini waliokuwa majini, wameshika mbao na kuiona manowari inakuja, walidhani wanakuja kuokolewa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa nchi hizi.

Askari wale wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita, barabara ya Ngong, Nairobi. Nashukuru kwa hilo, ila aliyezama baharini hana kaburi la kupalilia, na mahali pa mwisho alipokanyaga nchi kavu ya kwao ni bandarini kwetu.

Kwa hiyo naomba wahusika wa bandari waweke kibao Kilindini, kiandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo askari wale walipewa amri kwayo kambini. Na kila tarehe 12 Februari majina yasomwe kwa sauti, ya askari, ya wauguzi na ya mabaharia, bila kuruka hata moja. Nimepiga hesabu: jina moja kwa sekunde tatu, kazi yote ni saa moja na dakika tano. Mimi niko tayari kuja kusoma zamu yangu.

Msomaji wenu,
Mombasa