Jumamosi: Kesi ya Salomon na maswali ya mtihani

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 4 kamili asubuhi tunakutana Usa River. Mnaotoka Moshi pandeni gari mapema. Kila mmoja aje na Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, yenye marekebisho. Tafadhali, si ile nakala ya zamani ya stesheneri.

Tutakaa sana kwenye Salomon, kesi ya Uingereza ya 1897. Shikeni hesabu zake: Salomon, mwanzilishi wa kampuni, alikuwa na hisa 20,001, mkewe na watoto watano hisa moja moja, na zaidi ya hapo kampuni ilimpa Salomon hati za deni za pauni 10,000 zenye dhamana. Kampuni ilipofilisika, mfilisi (msimamizi wa ufilisi) alitaka Salomon abebe madeni. House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, ikakataa: kampuni ni mtu mwingine kisheria, na dhamana ile ni halali.

Alama hupotea hapa: mtu anaandika "pazia la kampuni litafunuliwa" (yaani mahakama itawabebesha wenye hisa wajibu wa kampuni) kwa sababu tu mwenye hisa nyingi ni mmoja. Hilo peke yake halitoshi! Tafuta kwanza udanganyifu, au kampuni iliyoundwa kukwepa wajibu uliokwisha kuwepo. Anza na hoja, weka kanuni na kifungu, halafu zipime na maelezo ya swali. Mwisho mshauri mteja waziwazi, usimwache hewani.

Mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, tutapitia haraka.

Andikeni majina hapa kabla ya Ijumaa usiku, nijue nitoe nakala ngapi za maswali.