Hamu tunayo, kiwanja ndo hatuna

Mhariri, assalaam alaykum.

Nimesoma barua ya ndugu mmoja wiki iliyopita, kasema wasichana wa vyuo vya huku kwetu hawana hamu ya michezo ndo maana timu zao zinakufa. Jamani! Nani katika sisi hajacheza rede mpaka magharibi, mama anaita na fimbo mkononi? Hamu ipo tele, kinachotukosesha ni kingine, na ndugu anistahamilie nimpe mfano wa mbali.

Marekani kuna mchezo unaitwa softiboli, ndugu yake besiboli, mpira mkubwa kidogo na mrushaji anaurusha mkono ukitokea chini. Kuna timu ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Oklahoma, mpaka 2024 walishabeba makombe 8 ya taifa ya vyuo, tena manne mfululizo 2021 mpaka 2024, hakuna chuo kilichowahi kufanya hivyo kabla yao. Ukiwaona leo na uwanja wao mpya wa watu zaidi ya 4,000 utasema hawa wamezaliwa matajiri. Wapi! Kocha wao Patty Gasso alivyoanza msimu wa 1995 timu haina hata kiwanja chake, wakichezea Reaves Park, bustani ya mji, ya kila mtu, yaani kama wasichana wetu waambiwe nendeni Mnazi Mmoja mkajitafutie pembe. Kiwanja cha chuoni wamekipata 1998, na mwaka 2000 kombe la kwanza hilo. Hesabu mwenyewe.

Halafu hapa ndo paliponichoma mie: baada ya hilo la 2000 walikaa miaka 13 ndo wakapata la pili, 2013, na yule bibi Gasso hakufukuzwa. Kwetu timu ikifungwa mechi tatu tu kocha keshakuwa hafai, analetwa mwengine hata majina ya wachezaji hayajui. Wenzetu 2024 yupo yule yule, anabeba la nane.

Najua mtu atasema ah, Marekani wana pesa. Wanazo, ila kabla ya pesa ilikuja sheria, 1972, kwamba skuli au chuo kinachochukua pesa za serikali kuu hakiwezi kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke, na michezo ikaingia humo humo.

Mie nimecheza pete chuoni, GD, yaani mlinzi wa goli, chuo chenyewe sikitaji. Tulikuwa na kiwanja kimoja cha saruji, ufunguo kwa mlinzi, tunatoka dakhalia saa kumi tushavaa traksuti ndani ya mabuibui, tukifika wanaume washaanza kikapu, tunaambiwa nyinyi subirini kidogo, basi tunakaa ukutani tunasubiri mpaka tunasikia adhana ya magharibi na mazoezi ya siku hiyo ndo yameisha. Makocha mwaka ule walikuwa watatu, mmoja baada ya mwengine. Mmoja mwalimu wa jiografia, maskini, kapewa filimbi tu na mwenyewe alikuwa anatuuliza sisi sheria za mchezo. Mashindano tulitolewa mechi ya kwanza, na kweli wakasema hawa hawana hamu.

Sasa binti yangu kaingia chuo hicho hicho. Juzi kanipigia simu nikamuuliza, kile kiwanja cha pete bado kipo? Akanambia mama, kiwanja gani, pale wanaegesha magari.

Wasalaam,
Mama wa Wete, Pemba