Barua kwa Kabula, kabla hujapanda ndege ya Uhabeshi

Mwanangu Kabula, mama yangu,

Ungependa nikutumie voisi usikilize huku unafungasha, najua, ila haya nataka yakae kwenye simu yako kama maandishi ili ukifika kule uyasome tena taratibu, ndo maana tangu alfajiri nimekaa hapa kibarazani na chai yangu, mama yako ameshateremka Mwaloni kuwahi dagaa, na huku Kirumba ndo kwanza kunakucha.

Miezi mitatu Bahir Dar, hukohuko Uhabeshi, yani Ethiopia, siyo matembezi. Unaenda kukaa na watu, ule kwao, ufanye nao kazi kwenye ziwa lao la Tana kama unavyofanya kwenye hili letu, na mimi mwalimu wa historia na jiografia niliyesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka 30 nikifundisha habari za mfalme wao Menelik nitakuwa mzazi wa namna gani nikikuacha uende na sweta na pasipoti tu. Sweta beba lakini. Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, sisi hapa ziwani tuko kama 1,130, na mwezi wa nane mvua kule zinamwagika kwelikweli.

Nianze na kosa langu maana sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1989 nilipangiwa shule mkoani Kagera, kijana wa Kisukuma kutoka Kwimba, sijui mtu. Wiki ya kwanza mzee mmoja jirani na shule akaniita kwake. Nyumba iko ndani ya migomba kabisa, giza la kijani, nikakaribishwa kiti, kisha akaleta kikapu kidogo kama kiganja, kimesukwa vizuri sana, ndani yake buni zimekauka rangi ya udongo, akaninyooshea. Mimi nikaona kahawa mbichi haijasagwa hata maji hakuna, nikasema hapana mzee, asante, mimi situmii kahawa, afu kwa kuwa nilikuwa na madaftari ya kusahihisha nikaaga nikaondoka. Nilijiona nimejibu kwa adabu. Basi mzee yule akawa kila tukikutana njiani anaitikia salamu tu, neno la pili halitoki, na nyumba za jirani nazo zikawa hivyohivyo, mwezi mzima nakula ndizi zangu peke yangu. Mpaka mwalimu mwenzangu wa pale ndo akaniuliza, hivi wewe ulikataa kahawa ya mzee? Akanieleza kwamba ile kahawa inachemshwa na majani ya harufu nzuri kisha inakaushwa, ni ya kutafuna siyo ya kunywa, na mgeni anapewa ile kabla ya chochote, ndo mlango wa maongezi. Zamani Wahaya wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja ameipaka damu ya mwenzake. Sasa mimi nimenyooshewa mlango nikaufunga.

Nikarudi. Sikueleza sana, nilikaa, kikapu kikaja, nikachukua tatu nikatafuna, chungu halafu inaacha utamu kama wa majani kooni, na mzee akaanza kuongea mpaka giza likaingia. Miaka sita niliyokaa pale yule ndo alikuwa baba yangu. Mengi ninayoyajua kuhusu kuishi ugenini yalianzia kwenye kile kikapu.

Kwa hiyo mwanangu ukiona kitu cha watu usikimbilie kusema hiki kizuri hiki kibaya, uliza kwanza kimetoka wapi. Mara nyingi kimetoka kwenye ardhi na maji, au kwenye dini, au kwenye vita waliyopigana, au kwenye lugha. Angalia tu sisi. Bibi yako alikuwa anakata viazi anavianika juu ya majabali pale nyumbani, michembe, na vingine anavichemsha kwanza ndo anaanika, matobolwa, mtu wa mjini akiona anadhani ni mapenzi tu ya viazi vikavu, kumbe mvua ya Usukuma haiaminiki, mwaka huu inakuja mwaka kesho inakuacha, na mawe yapo yana moto mchana kutwa. Au biashara ya mama yako. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hawafuati taa, basi wavuvi wanapumzika. Sasa ona kinachofuata: pale Mwaloni mama yako na wenzake hata mkopo wanakubaliana kwamba giza likirudi nitakulipa, na mgeni anayetaka aandikiwe tarehe ya benki anaona hawa watu wasumbufu. Siyo wasumbufu, kalenda yao iko juu angani.

Nenda na jicho hilo Uhabeshi.

Utafika mwanzoni mwa mwezi wa nane na utaangukia kwenye mfungo wao wa Filseta, tarehe 7 mpaka 22, wa Bikira Maria. Waorthodoksi wakifunga hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai, na kila Jumatano na Ijumaa ni hivyohivyo karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka siku 55. Ukijumlisha zinapita siku 180 kwa mwaka. Sasa ndo utaelewa kwa nini mapishi yao ya dengu, kunde na mboga ni matamu kiasi kile na ni mengi kiasi kile, watu ambao nusu ya mwaka hawali nyama lazima wajue kupika dengu! Ukristo wao ni wa zamani sana, mfalme Ezana wa Aksum aliupokea karne ya 4, kabla ya nchi nyingi za Ulaya. Na usisahau Waislamu, ni wengi mno kule, ile Habasha ambayo masahaba walikimbilia mwaka 615 wakapokewa na mfalme Mkristo ndo hiyohiyo. Kwa hiyo ukiwa kazini ukaona mwenzako hali, usimlazimishe, na ukialikwa uliza tu, leo ni siku ya mfungo?

Chakula chenyewe ni injera. Inatoka kwenye teff, punje ndogo kuliko ulezi, inavumilia ukame na inavumilia pia udongo uliojaa maji, ndo maana milima ile imeishikilia miaka na miaka. Unga unachachushwa siku kadhaa ndo unamiminwa kwenye kikaango kikubwa cha duara, inakuwa laini, chachu, upande mmoja una matundu matundu. Mnazunguka sinia moja, mkono wa kulia, mboga ziko juu ya injera yenyewe. Halafu mtu anaweza kukunja tonge akakuelekezea mdomoni, usirudi nyuma wala usicheke kwa aibu, wanaita gursha, amekuheshimu. Fungua mdomo ule. Hapo usifanye kama baba yako Kagera.

Na saa! Hili lilikuwa linanifurahisha sana kufundisha, darasa zima lilikuwa linaamka. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndo mwanzo wa hesabu, saa moja asubuhi ni saa moja kwelikweli, wala hawajatuiga na sisi hatujawaiga, ni kwamba wote tunakaa karibu na ikweta, jua linatoka na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa nini uanze kuhesabu usiku wa manane watu wamelala? Sisi tulitawaliwa na Mjerumani na Mwingereza, saa yetu ikabaki mdomoni, kwenye karatasi za ofisi tunaandika ya kwao. Wao wameibakiza yote. Kwa hiyo tiketi ya ndege isome kwa saa za kimataifa, ila dereva akikwambia saa mbili muulize mara mbili, maana wapo wanaomgeuzia mgeni saa kwa kumsaidia. Kalenda pia ni yao, miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja mdogo wa siku tano au sita, iko nyuma ya hii yetu miaka 7 au 8, wao walisherehekea mwaka 2000 mwezi Septemba 2007. Tarehe 11 Septemba utakuwa kule kwenye mwaka mpya wao, mvua zinakatika, maua ya njano yamejaa vilimani, na tarehe 27 ni Meskel, moto mkubwa unawashwa jioni yake ya kuamkia. Piga picha nyingi lakini omba ruhusa, hasa kanisani.

Kwa nini vitu vyao vimebaki? Hapo ndo Adwa inaingia, samahani mwalimu hawezi kuiruka. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia lilivunjwa pale Adwa na watu wa Menelik wa Pili, mkewe Taytu naye alikuwepo vitani na watu wake, wakati huo Waafrika karibu kwingine kote tunagawanywa mezani. Waitaliano walirudi wakaikalia nchi 1936 mpaka 1941, wakatolewa. Yani watu hawa hawajabadilishiwa herufi, wala majina, wala namna ya kuhesabu siku, na ukikuta mtu anajivunia mpaka unaona amezidi, ikumbuke hiyo tarehe. Herufi zao zinaitwa fidel, ziko zaidi ya 200, usiogope, ni ileile ba be bi bo bu uliyoimba darasa la kwanza, ila kila silabi ina umbo lake. Jifunze walau za kusoma jina lako. Na jina utaitwa la kwako, siyo langu, kule mtu ana jina lake na la baba, ukoo hauchukuliwi kama jina, hata profesa anaitwa Profesa na jina lake la kwanza.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Sisi Watanzania tumezoea utani wa makabila, Mhaya ananiita mchunga ng'ombe mbele ya ofisi nzima na tunacheka wote, afu mchana tunakula pamoja. Usiubebe huo utani. Sisi umetengenezwa na Kiswahili, na bweni, na serikali iliyokuwa inamtoa Msukuma Kwimba inampeleka Kagera akafundishe, sisi kabila tunalicheza. Kule lugha ziko zaidi ya 80, vita ya Tigray ya 2020 mpaka 2022 imeacha makaburi, na mkoa wa Amhara wenyewe unakokwenda una mapigano tangu 2023. Usimuulize mtu kabila lake siku ya kwanza, mwache akusimulie mwenyewe. Na wenyeji wako chuoni wakisema leo hatutoki mjini, hamtoki, usibishane, mama yako hatalala.

Lingine ni maji. Nyanza yetu inatokea Jinja inakuwa Nile Nyeupe, ziwa lao la Tana linatoa Abbay, Nile ya Bluu, mito miwili inakutana Khartoum, kwa hiyo unatoka mwanzo mmoja wa mto unakwenda mwanzo wa pili. Abbay kwao siyo mto tu, ni heshima, wamechangishana hadi watu wadogo kununua hati za kujenga lile bwawa kubwa lililozinduliwa Septemba 2025. Utaona pia mitumbwi ya mafunjo, tankwa, mepesi, inakwenda kwa kasia. Muulize mwenye nao jinsi anavyoufunga, na akikueleza usiangalie simu.

Kahawa nimeiacha makusudi. Wao wanaita buna, karibu kabisa na buni yetu, na nchi ya kahawa yenyewe ndo hiyo. Utaitwa nyumbani kwa mtu, majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, mama mwenye nyumba ameinamia jiko anazikaanga mbele yako mpaka ziwe nyeusi zinang'aa, kisha anakuletea kikaango usogeze moshi puani, halafu anatwanga, anachemsha kwenye birika la udongo lenye shingo ndefu, jebena, anamimina toka juu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na bisi ziko pembeni. Cha kwanza kinaitwa abol, kikali. Anaongeza maji kwenye machicha yaleyale, cha pili tona. Cha tatu baraka, ndiyo, neno letu hilohilo, na kinakuwa chepesi karibu maji. Inaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Utakuwa na ripoti ya kuandika, sampuli za samaki zinakusubiri, simu inalia. Kabula, kaa. Kile cha kwanza watu wanasalimiana tu, habari zenyewe zinakuja baadaye huko.

Mama yako amenituma nikwambie dagaa kilo mbili ziko kwenye mfuko wa kaki juu ya kabati, amezikaanga kabisa, mpe mwenyeji wako mwambie ni kutoka ziwa lingine, ila uwapakie siku ya mwisho wasinukishe nguo. Chaja ya laptopu usiisahau mezani kama ulivyofanya Dodoma.

Ukifika nipigie jioni saa moja nikiwa nimetoka kumpokea mama yako Mwaloni. Saa moja ya kwako na saa moja ya kwangu ni ileile.

Baba yako,
Kirumba, Mwanza