Ile slaidi ya damu ya jogoo

Morogoro, Jumapili jioni

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mama goti bado linamsumbua. Siku ile vocha iliniishia kabla sijakujibu kuhusu damu ya jogoo uliyokwenda kuitazama kazini, ukadhani umeiharibu slaidi, kwa hiyo nimeona bora nikuandikie.

Slaidi yako haikuharibika. Lile doa la zambarau uliloliona katikati ya kila chembe nyekundu ni kiini, pale seli inapoweka DNA yake. Wewe umezoea damu ya watu, vile visahani vilivyobonyea katikati, ndiyo maana ukashtuka. Chembe ya ndege ina umbo la yai, na kiini chake inakaa nacho hadi kufa. Chembe ya kuku huishi kama mwezi mmoja tu. Zetu huishi siku 120.

Chuoni tulifundishwa jambo hili kana kwamba ndege kabaki nyuma. Sikubali hata kidogo. Samaki, chura, mjusi, wote wana kiini kwenye chembe nyekundu. Tulioacha njia ya wazee ni sisi wanyonyeshaji: ndani ya uboho, chembe changa hukisukuma kiini chake nje, kikamezwa na seli nyingine. Ndege alibaki na urithi wake, akapita njia nyingine: kuwa na kiini kidogo.

Jenomu ya kuku, yaani DNA yake yote iliyomo ndani ya seli, ni kama theluthi moja tu ya yetu. DNA ikiwa kidogo, kiini kinakuwa kidogo na chembe nayo inapungua, na chembe ndogo hupokea oksijeni na kuitoa upesi. Kinachonisisimua ni hiki: mwaka 2007 watafiti walipima vitundu vilivyoachwa na seli ndani ya mifupa ya dainosari, wakaona kwamba wale wa ukoo wa ndege walikuwa na jenomu ndogo tayari. Yaani mwili ulianza kubana matumizi kabla hajapatikana hata mmoja wa kuruka!

Halafu mfikirie tumbusi wa Rüppell, hawa hawa wa Serengeti. Mwaka 1973 mmoja aligongwa na eropleni juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Mtu asiye na mtungi wa oksijeni kule huzimia upesi sana. Damu ya tumbusi huyo ina himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, za aina nne, kila moja ikishika oksijeni kwa nguvu yake, hivyo awe chini kwenye mzoga au juu mawinguni, ipo inayomfaa.

Ukitaka kuhesabu chembe, usiitie damu hiyo kwenye mashine yenu ya hospitali. Itavichukua vile viini kuwa chembe nyeupe, ikupe majibu ya ajabu. Hesabu kwa mkono, kwenye chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba ya kuhesabia chembe.

Na tafadhali usiioshe slaidi. Ifunge kwenye karatasi, uje nayo Pasaka, tuitazame pamoja kwenye hadubini ya huku.

Msalimie shangazi.

Wako,
Zawadi