Nimelipa BMX ya mtu mzima, nimeletewa ya mtoto: barua kwa meneja wa duka la baiskeli

Wete, Pemba
14 Aprili 2025

Meneja,
Duka la Baiskeli na Vipuri,
Mjini, Unguja.

YAH: KULETEWA BMX NISIYOIAGIZA NA KUKATALIWA KUIRUDISHA

Bwana Meneja,

Assalamu alaykum. Naandika barua kwa sababu simu zangu hazipokelewi tena, na ujumbe wa WhatsApp unasomwa (tiki mbili za buluu naziona) lakini haujibiwi. Mara ya mwisho kijana wenu wa mauzo kuniitikia aliniambia, "Mzee wangu, baiskeli ishapanda boti, biashara imekwisha." Kwangu haijaisha, na naamini ukisoma maelezo haya hata wewe utaona haijaisha.

Nilichoagiza kimo kwenye maandishi, na nakala ya mazungumzo naambatisha. Niliomba BMX (ile baiskeli ndogo ya mbio na mitindo) ya mtu mzima, bomba la juu inchi 21, fremu nzima ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni), krenki (mikono inayobeba pedali) ya vipande vitatu, ekseli (mhimili wa gurudumu) ya nyuma ya milimita 14, gia ya meno 25 mbele na 9 nyuma, usukani wenye kimo cha inchi 9, na breki ya nyuma iliyokwisha kufungwa. Nikaeleza na sababu bila kuulizwa: nina miaka 48, urefu futi 5 na inchi 11, uzito kilo 86, na sijapanda BMX tangu ujana wangu. Jibu lilikuwa, "Ipo mzee, saizi yako kabisa," na kidole gumba juu yake. Nikatuma shilingi 780,000, pesa ya karafuu hiyo, na nauli ya boti nikalipa mwenyewe.

Naomba tuanze na saizi, maana shina la ugomvi liko hapo. Tangazo lenu linaandika "inchi 20" na kuishia hapo. Hiyo 20 ni ya gurudumu. BMX ya mtoto wa miaka 10 ina gurudumu la inchi 20, na ya jitu la futi 6 na nusu nayo ina gurudumu hilo hilo. Kinachotofautisha ni bomba la juu, lile linalotoka shingoni mwa usukani kwenda kwenye bomba la siti. Mtu wa futi 5 na inchi 5 hutosheka na inchi 20 hadi 20.5, wa kimo changu huanzia 20.75 au 21. Waliopita futi 6 huenda 21.25 na kuendelea. Robo hizo za inchi huonekana kichekesho kwa asiyepanda, lakini mpandaji huzijua kwa magoti yake. Mimi kazi yangu useremala, na nakwambia kuuza BMX kwa kipimo cha gurudumu ni kama kuuza mlango kwa kipimo cha bawaba.

Boksi nililoteremshiwa bandarini Mkoani lilifungwa vizuri, kwa hilo nashukuru. Nikalipandisha gari ya abiria mpaka Wete, nikalifungua karakanani kwangu mbele ya fundi baiskeli wa mtaani petu, mtu aliyeanza kushika spana enzi za Phoenix na Raleigh. Kabla hatujafunga hata usukani aliitazama fremu, akaniuliza, "Hii ya mwanao?" Nikatoa futi. Kutoka katikati ya bomba la shingo hadi katikati ya bomba la siti: inchi 18.5. Nikapima tena kwa rula ya chuma, nikidhani labda futi imelegea. Ikaja 18.5 vile vile. Usukani nao una kimo cha inchi 7 na nusu.

Tulipomaliza kuifunga nilisimama juu ya pedali mle mle ndani, fundi kaishikilia. Nilipougeuza usukani kidogo tu, goti likagota. Kijana wenu aliposikia habari hiyo akanishauri nipandishe siti. Bwana Meneja, BMX haipandwi kwa kukaa. Siti yake iko chini makusudi ili isimzuie mtu anaposimama, anapoinama na anapoivuta baiskeli juu. Ukiipandisha siti umeinua matako. Bomba la juu halirefuki hata unywele, na goti litaendelea kugota pale pale. Kwa kijana wa miaka 15 hilo ni usumbufu tu. Kwa mtu wa umri wangu, fremu fupi inakunja mgongo na kuutupa uzito wote kwenye viganja, na usukani mfupi unaongeza chumvi kwenye kidonda. Nilitaja inchi 9 kwa sababu hiyo.

Ekseli ya nyuma nayo ina kisa chake. Nati ya ekseli ya milimita 14 hufunguliwa kwa spana namba 17. Fundi akaiweka 17, ikacheza tupu. Akachukua 15, ikashika sawasawa. Maana yake mmeniletea ekseli ya milimita 10, inayofungwa kwenye baiskeli za watoto na za bei ya chini. Na mle mle kwenye boksi mlitia pegi mbili, vile vyuma vya kukanyagia vinavyovishwa kwenye ekseli, mkaziandika kuwa ni zawadi. Tundu za pegi zile ni za milimita 14. Ukizivisha kwenye ekseli ile zinaning'inia. Zawadi yenu wenyewe inatoa ushahidi dhidi yenu.

Gia ni meno 44 mbele na 16 nyuma. Nilipouliza nikaambiwa 44 ni bora zaidi kwa sababu "meno mengi, nguvu nyingi". Chukua kikokotoo: 44 kwa 16 ni 2.75, na 25 kwa 9 ni 2.78. Kwa mguu ni kitu kimoja, na vilima vya Pemba havitajua tofauti. Tofauti iko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Gia ya meno 9 hukaa kwenye habu ya kaseti, yenye mtambo wa kuachia ndani yake. Friwili, gia ya kuzungushia juu ya habu, haifiki udogo huo. Niliandika 25 kwa 9 kwa kuwa nilitaka habu hiyo, na nilitaka sproketi (gia ya mbele) ndogo isiyogonga mawe. Nimeletewa friwili.

Krenki ni chuma kimoja kilichopindwa, kinaingia upande huu wa fremu na kutokea upande wa pili, pedali hadi pedali. Kwa mtoto inatosha. Mtu wa kilo 86 akitua nayo kutoka kwenye ukingo wa barabara mara chache, inaanza kupinda. Breki ipo, inashika, sina neno nayo.

Sasa kromoli. Mlitangaza "fremu nzima kromoli". Stika iliyobandikwa na kiwanda kwenye fremu inaeleza wazi kwamba bomba la chini peke yake ndilo la kromoli. Yaliyobaki ni chuma cha kawaida. Sina chuki na chuma cha kawaida. Ni kizito zaidi, ni rahisi, na mtu anayekwenda nacho sokoni na kurudi atadumu nacho miaka. Nisichokikubali ni kulipishwa bei ya kitu kingine. Halafu kijana wenu akaniongezea, tena kwa maandishi, kwamba kromoli "haishiki kutu hata ukikaa pwani". Kromoli ya 4130 ina kromiamu ya asilimia moja hivi. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji angalau asilimia 10.5. Kwa hiyo hata kama mngenipa kromoli tupu, hewa yetu ya chumvi ingeila kama inavyokula mabati, na mteja anatakiwa aambiwe akaushe baiskeli na kuitia mafuta. Ukaguzi wa kwanza tu tulioufanya, boliti ya kubania siti ilikuwa tayari ina rangi ya chai.

Nilipowaeleza yote haya, majibu yalikuwa mawili, na yote mawili nayakataa.

La kwanza: "BMX zote saizi moja." Hilo nimeshalijibu.

La pili liliniudhi zaidi: "BMX ni baiskeli ya watoto, mzee umeitaka mwenyewe." Ni kweli ilianzishwa na watoto, kule California mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipokuwa wakiigiza mashindano ya pikipiki kwa baiskeli zao ndogo. Lakini mbio za BMX zimo kwenye Olimpiki tangu Beijing 2008, na mitindo huru, ile ya kuruka na kucheza na baiskeli, iliingia kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Wanaoshindana pale ni watu wazima, wanaume kwa wanawake, juu ya magurudumu ya inchi 20. Fremu zao zinawatosha kwa sababu mtu alizipima. Sisi tuliokulia hapa baada ya biashara kufunguliwa miaka ya 80 tuliziona BMX za mtumba zikiingia, tukazipanda mpaka zikakatika fremu, tukazipeleka kuchomelewa, tukazipanda tena. Wenzangu wa rika moja wamenunua pikipiki, mimi nimechagua hii. Hilo ni baina yangu na mke wangu, na yeye keshanicheka vya kutosha, hahitaji msaada wa duka.

Tena mngekuwa na nia ya kuuza vizuri, umri wangu ungewafungulia mlango. Mteja anayerudi kwenye BMX baada ya miaka mingi huulizwa kwanza: unataka kuruka na kucheza, au unataka kutembea nayo na kuusikia mwili ukirudi taratibu? Wa kwanza mpe inchi 20 yenye fremu ndefu, usukani mrefu na tairi pana za inchi 2.3 au 2.4, zinazomeza mtikisiko usifike kwenye viwiko. Wa pili mwonyeshe BMX ya inchi 24, ile wanayoiita kruza. Gurudumu kubwa linavuka mashimo bila kukutikisa sana, fremu yake ni ndefu, na baiskeli inatulia zaidi ikiteremka. Mtu anayejua mteremko wa Chake Chake ataelewa kwa nini naisema. Inageuka pole pole kuliko ya 20, basi. Ningeelezwa hivyo pengine ningeichukua hiyo, na kwenye ukurasa wenu mnayo, nimeiona.

Kuhusu hoja yenu kwamba mali iliyopandwa hairudishwi: baiskeli hii haijapandwa. Haijatoka nje ya karakana. Vijinywele vya mpira bado vimesimama kwenye tairi zote mbili, na yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli mpya kwenye lami anajua havichukui muda kulala na kukatika. Picha za karibu nimezitia pamoja na barua hii, pamoja na picha ya futi juu ya bomba la juu, ya spana namba 15 kwenye nati, ya pegi ikining'inia, na ya stika ya fremu.

Ninachotaka ni kimoja kati ya hivi, na uchaguzi nakuachia wewe:

Mnibadilishie kwa BMX ya inchi 20 yenye bomba la juu lisilopungua inchi 21 na sifa nyingine zote nilizoziandika. Au mnipe ile kruza ya inchi 24, tukirekebishana bei kwa risiti, kama inazidi nitaongeza, kama inapungua mtanirudishia. Au mnirudishie shilingi 780,000 zangu zote. Kwa njia yoyote mtakayoichagua, usafiri wa kuirudisha hii na wa kuileta nyingine utakuwa juu yenu, kwa kuwa kosa la kupakia mzigo huu limefanyika dukani kwenu.

Pia nakuomba, na hili silidai kwa ajili yangu, mwandike kipimo cha bomba la juu kwenye kila tangazo la BMX. Ni nambari moja tu. Sisi wa Pemba hatuna nafasi ya kuja dukani kujaribu kabla ya kulipa. Tunanunua kwa picha na kwa maneno yenu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kuipokea barua hii. Likikosekana, malalamiko haya pamoja na picha na mazungumzo yetu nitayapeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Ningependa tusifike huko, kwani kuna vipuri vyenu ambavyo fundi wangu anavisifu na mimi mwenyewe nilikuwa na nia ya kununua minyororo kwenu.

Baiskeli imerudishwa ndani ya boksi lake, imefutwa na kutiwa mafuta, pegi zimo. Mtu wenu anaweza kuja kuichukua karakanani siku yoyote isipokuwa Ijumaa kabla ya sala.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja wenu, seremala, Wete

Viambatisho: nakala ya mazungumzo ya WhatsApp, risiti ya malipo, stakabadhi ya mzigo wa boti, picha.