Mche wa mbuyu tunaufyeka bila kuujua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niungame kosa. Masika haya, nikipalilia uwani kwangu hapa Ihumwa, Dodoma, niling'oa mche uliokuwa ukikaidi jembe. Ukatoka na mzizi mnene, mweupe, kama karoti. Mzee jirani yangu, Mgogo wa hapa hapa, akauokota akaugeuzageuza, kisha akaniuliza: "Mwalimu, huu mbuyu umekukosea nini?"

Nilibisha. Jani la mbuyu nani asiyelijua? Vijani vitano hadi saba, vimetanuka kama vidole vya mkono. Hata jina la kitaalamu ambalo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa mwaka 1759, Adansonia digitata, linasema hivyo: neno la pili ni "wenye vidole", la kwanza ni heshima kwa Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza Senegal. Kumbe mche hauna vidole. Majani yake ya mwanzo ni mazima, moja moja, kama ya kijiti chochote cha porini. Vidole huja baadaye, ukijaliwa kufika huko.

Miaka yote darasani nimefundisha kwamba "mbuyu ulianza kama mchicha" ni methali ya subira. Sasa nadhani aliyeisema kwanza alikuwa ameshika jembe, akakoswakoswa na kosa langu.

Mbuyu mzee una watetezi. Una mizimu, una vitambaa vilivyofungwa shinani, una hadithi ya Mungu aliyekasirika akaupanda kichwa chini miguu juu. Mwenye shoka husita. Hata ukichunwa gome la kusokotea kamba, huota jingine. Lakini mche wa majani sita hauna hata shetani mmoja wa kuulinda, na siku hizi kila upande wa jiji kuna kiwanja kinasafishwa.

Tunapanda miti, ni kweli: miarobaini yenye asili ya India, mikrismasi ya Madagaska. Sina ugomvi nayo. Barua hii naiandikia kivulini mwa mwarobaini. Ila wanaotugawia miche mtaani kwetu sijawaona na mbuyu hata mmoja. Mbegu zake zina ganda gumu, zinataka kulowekwa kwenye maji ya moto kabla ya kupandwa (si zile za ubuyu mwekundu wa dukani, hizo zimeshapitia jikoni).

Ninachoomba ni kidogo: gazeti lako lichapishe picha ya jani changa la mbuyu, kubwa, ukurasa wa rangi, nasi tuibandike shuleni na kwenye ofisi za mitaa, vijana wa kufyeka viwanja waione.

Kando ya ule nilioung'oa niligundua mwingine, nikauzungushia miiba. Una majani manane, yote mazima. Yalikuwa kumi, mawili yameliwa na mbuzi wa mzee yule yule.

Mwalimu mstaafu,
Ihumwa, Dodoma.